Marehemu wa Kwenye Fomu

Muzdalifa binti Msabaha alimuua mumewe siku ya Jumanne, baada tu ya sala ya adhuhuri, kwa kubonyeza kompyuta mara moja. Mumewe mwenyewe alikuwa chini jikoni, akimchagulia vipande vya kondoo visivyo na mafuta, maana alijua mkewe hapendi mafuta.

Isidhaniwe walikuwa na ugomvi. Ukiwauliza Waswahili wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kuanzia wanunuzi wa simu mpaka mawakala wa makontena, ni ndoa ipi iliyotulia kuliko zote Guangzhou, watakuonyesha mgahawa wa tambi wa Burhani. Burhani ni Mchina wa kabila la Wahui, Waislamu wa tangu na tangu, mzaliwa wa Linxia katika jimbo la Gansu. Jina lake la Kichina ni Ma. Muzdalifa alikuja kutoka Ilala miaka ishirini na moja iliyopita kununua vitambaa vya soko la Zhongda, akawa anahangaika kutafuta nyama ya halali, akaipata, akampata na mpishi. Kiswahili chake Burhani alikiokota kwa wateja, kwa hiyo kimejaa "mzigo", "oda" na "bei ya mwisho", lakini akimwita mkewe Mama Ilham hapo hakuna anayemcheka.

Ilham ndiye mtoto wao pekee. Alizaliwa Dar es Salaam wakati ndoa yao ina baraka za imamu tu, na karatasi za serikali ya China bado zinazunguka ofisi moja hadi nyingine. Basi akaandikishwa kwa jina la babu mzaa mama, Ilham Msabaha, akapewa pasipoti ya Tanzania, akaletwa Guangzhou hajaota hata meno. Karatasi za ndoa zilipopatikana, jina la mtoto lilikuwa limeshaganda. Burhani hakulalamika. Ila kila daftari jipya la shule alilichukua yeye, akaandika juu yake jina la Kichina alilompa, Ma Yilan, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la tano, akapuliza wino ukauke. Kwenye geti la shule walinzi walimtazama mtoto mweusi mwenye nywele za kusokota, wakamtazama na yeye, wakamuuliza anamchukua mtoto wa nani. "Wangu," akawajibu, leo, kesho na keshokutwa, miaka sita mfululizo, bila kuinua sauti.

Mtoto akakua anaota kwa Kikantoni, anapiga hesabu kwa Kimandarini na anagombana kwa Kiswahili. Tanzania aliijua kwa likizo mbili na kwa simu za mama yake. Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, katika shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, akashikwa na hamu ya vyuo vidogo vya Marekani. Si vile vikubwa ambavyo wazazi huvitaja harusini ili wasikike. Vidogo, vya wanafunzi elfu moja na kitu, vilivyojichimbia kwenye miji ya mashamba, ambako mtu husoma falsafa asubuhi, kemia mchana na uchoraji jioni kabla hajaamua awe nani, na darasa zima linaenea kwenye meza moja. Rafiki yake Jiayi, binti wa mwenye duka la vifungo, alikuwa na hamu hiyohiyo. Walichagua chuo kimoja, wakawa wanakitazama kwenye simu namna wasichana wengine wanavyotazama magauni.

Kwa kuwa hapo mjini ni wachache wanaoomba chuo cha nje bila wakala, Muzdalifa akampeleka bintiye kwa kijana mmoja Mchina wa Tianhe aliyejiita Tom. Tom hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Aliwakaribisha chai, akawaeleza bila kuwazungusha. Chuo kama kile huchukua watu mia tatu na hamsini kwa mwaka. Kutoka China nzima hawatazidi sita au saba, na wanaoomba kutoka jimbo hili la Guangdong peke yake, wenye alama za kukaribia kujaa na wanaojua kupiga fidla, wanajaza ukumbi. Kutoka Tanzania, kwa mwaka uliopita, yeye hakumsikia hata mmoja. Mahakama ya juu ya Marekani imekataza vyuo kumpima mwombaji kwa kisanduku cha fomu kinachouliza rangi yake, akasema, lakini haikumkataza mwombaji kusimulia maisha yake kwenye insha. Kwa hiyo kisanduku hakina kazi tena. Kazi ni ya insha, na ya nchi iliyo kwenye pasipoti.

Alama za Ilham zilikuwa nzuri, si za kutisha. Akiomba kama Ma Yilan wa Guangzhou, Tom alisema, atakuwa wa mia tatu na ushee kwenye foleni. Akiomba kama Ilham Msabaha, binti wa mama Mtanzania anayehangaika na mizigo ugenini, atakuwa peke yake. Kisha akamgeukia Ilham. Humu ndani ya China baba yako angeweza kukufaa, alimwambia, maana mikoa mingine huwaongezea alama watoto wa makabila madogo. Kule hakufai. Kule hawajui Mhui ni nani, kule yeye ni Mchina kama Wachina wengine.

Ilham akauliza kama huo si uongo. Tom akasema si uongo, ni kuchagua cha kutanguliza.

Muzdalifa alimwelewa kuliko Tom mwenyewe alivyojielewa. Suruali ya jinzi iliyoshonwa Guangdong ikifika Kariakoo na lebo ya hukuhuku, mteja anaigusa kwa ncha za vidole. Iwekewe lebo ya Uturuki, anaivaa siku ya Idi. Suruali ni ileile, mishono ileile, na anayeivaa anapendeza vilevile. Miaka yote alikuwa na fundi wake wa kubadili lebo, na hakuwahi hata siku moja kujiona mwizi. Alirudi nyumbani na moyo mwepesi, akijua kazi hii anaiweza.

Tatizo likaja kwenye ukurasa wa wazazi. Tom aliwaambia sehemu ya baba waiache tupu, lakini fomu ilikataa kuachwa tupu. Ilham alikuwa shuleni, na Muzdalifa, mwenye vyeti vyote kwenye begi lake, alikuwa akijaza huku simu ikimtafsiria. Fomu ilitaka jibu moja kati ya matatu. Baba yu hai, kisha uandike jina lake, alikozaliwa na kazi yake. Au baba hajulikani. Au baba amefariki.

Akiandika yu hai, Linxia yote ingeingia humo na milima yake. Mkono ukaenda kwenye jibu la pili, ukasimama hapo. Mwanamke wa Kiswahili hawezi kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba baba wa mwanawe hajulikani. Ameolewa, imamu yupo, mashahidi wapo, pilau lililiwa likabaki. Leo aje awaambie Wazungu kwamba mwanawe ni wa haramu? Angalau yatima ana heshima yake. Yatima huombewa dua, watu humpapasa kichwa wakatarajia thawabu. Ni karatasi tu, akajiambia Muzdalifa, akabonyeza la tatu. Harufu ya kondoo ilikuwa imeshaanza kupanda ngazi. Akashuka, akala, akamsifu mpishi.

Tom alipoiona fomu uso ukamchangamka. Hakuuliza kama ni kweli, ila alisema sasa insha imepatikana.

Ilham aligoma siku tatu. Alisema anaumwa tumbo, akajifungia chumbani, na aliyempelekea uji wa mchele kitandani ni marehemu mwenyewe. Mama yake akamwambia hayo ni maneno ya karatasi, hayamtoi mtu roho, na kwamba Jiayi wakati huo yuko na walimu wawili wa ziada. Siku ya nne Ilham akaandika. Aliandika akilia, na kwa kuwa alikuwa akimwandika mtu anayempenda kuliko watu wote, insha ikatoka nzuri mno. Aliandika mikono iliyonukia unga na jira. Aliandika donge moja la unga lilivyokunjwa na kuvutwa mara nane likawa nyuzi mia mbili hamsini na sita, akawa anazihesabu utotoni mpaka usingizi umchukue juu ya meza. Yote yalikuwa ya alikuwa, alikuwa, alikuwa. Tom akaipitia akaondoa Linxia, akaondoa jina la Ma, akaondoa vijiti vya kulia. Alisema wasomaji wenyewe watajijazia Afrika. Aliyebaki kwenye karatasi alikuwa mpishi hodari aliyekufa, asiye na kwao.

Naye Burhani kila siku anauliza kama chuo kimemuulizia. Alikwenda studio akapigwa picha ndani ya koti la kuazima, akidhani Wamarekani watataka kuona sura ya mzazi, akaiweka bahasha ya picha juu ya friji, pasipofika mvuke. Muzdalifa akawa anamwambia bado, chuo hakijaiomba picha. Akimtazama anavyorudi kwenye sufuria zake, alitafuta kazi ya kufanya kwenye soko la nguo la Shahe ili atoke.

Majibu yalikuja mwezi wa tatu. Ilham alichukuliwa, na chuo kikasema kitambebea karibu gharama zote. Jiayi, aliyemzidi kila somo isipokuwa historia, alikataliwa. Siku ya pili Jiayi alikuja mgahawani, akala bakuli lake la tambi mpaka mchuzi ukaisha, kisha akamwambia Ilham kwamba hamwonei wivu, ila yeye hakuwa na cha kuchagua, ni Mchina pande zote mbili. Burhani, aliyejua tu kwamba bintiye ameshinda, alimwongezea Jiayi nyama bila kuombwa, na siku hiyo wateja wote wakala bure.

Wiki tatu baadaye Muzdalifa alikuwa Zhanqian, kwenye maduka ya jumla ya nguo, akivutana na laoban mmoja mwanamke, bosi wa duka la magauni, juu ya mzigo uliokuja na zipu mbovu. Alirudi saa ya chakula cha mchana, saa ambayo hata mji ufurike maji mgahawa ule huwa wazi, akakuta mlango wa chuma umeshushwa nusu. Akainama akaingia. Burhani alikuwa amekaa kwenye meza ya wateja, mbele yake kadi nyeupe nzito na simu yake.

Kadi ilitoka chuoni, imeletwa na mtu wa vifurushi. Mkuu wa udahili, mama mmoja, aliiandika kwa mkono wake. Burhani aliipiga picha, simu ikamtafsiria kwa Kichina. Mama yule alisema amesoma insha maelfu, lakini hiyo ilimfanya aache kazi atoke nje. Alimpa Ilham na mama yake pole kwa kifo cha baba. Alisema baba wa namna ile hapotei, na kwamba chuo kitaona ni heshima kumtunzia binti yake kwa niaba yake.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza Burhani.

Muzdalifa akasema ugonjwa hawakuandika.

Akauliza alikufa lini. Mkewe akasema hilo pia hawakuandika. Burhani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei akaona hana la kupunguza. Halafu akauliza kama kwenye fomu nzima hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Ndipo Muzdalifa akamweleza yale majibu matatu, moja moja, na akamweleza kwa nini la kati lilimshinda. Alikuwa anamwomba Mungu mumewe amfokee, avunje mabakuli, ili naye apate kulia na kuomba radhi kama wakosaji wengine. Lakini Burhani ni Mwislamu mwana wa Waislamu. Alielewa mara moja kwa nini mkono wa mkewe ulikataa, na kwa kuwa alielewa, hakuwa na pa kumlaumia. Alivua aproni, akajifunika nayo uso, akalia. Muzdalifa hakuwahi kumwona analia, hata siku alipomzika mama yake.

Ilham aliwakuta hivyo alipotoka shule. Aliiona kadi, hakuhitaji kuelezwa. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwambia kwa Kichina kwamba anawaandikia ukweli leo hiihii, liwalo na liwe, akafungua kompyuta palepale kwenye meza yenye mafuta ya pilipili. Barua ilikuwa fupi. Baba yangu yu hai, jina lake ni Ma, ni Mhui wa Linxia, anapika tambi, nimewadanganya. Kabla hajaituma, Burhani alimpigia Tom mwenyewe kumuuliza itakuwaje. Tom akamwambia bila kuficha kwamba uongo kwenye fomu hufuta nafasi, na kwamba kufikia wakati huo vyuo vingine vimeshafunga milango.

Burhani akaweka simu chini. "Futa," akamwambia bintiye. "Niache nilivyo. Wewe nenda ukasome."

Ilham akamgeukia mama yake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, na macho yalikuwa yanaomba neno moja tu. Angesema tuma, mtoto angetuma. Muzdalifa akakusanya mabakuli yaliyokuwa mezani, akayapeleka kuoshwa. Alifungua bomba kwa nguvu, na alipolifunga Ilham alikuwa ameshapanda chumbani kwake na barua haikutumwa.

Mwezi wa saba chuo kiliwaita wazazi kwenye mkutano wa mtandaoni. Burhani alikaa upande wa pili wa meza, pasipofikiwa na kamera, akasikiliza mpaka mwisho bila hata kukohoa, akamwandikia mkewe kwenye karatasi swali la kuuliza, kama chumba cha mtoto kina joto. Uwanja wa ndege Ilham alimkumbatia mpaka watu wakageuka kutazama. Hapo walikuwa bado Guangzhou, na aliweza kuwa na baba.

Miezi ya kwanza alipiga simu kila siku, akiwa peke yake. Alisema wamemwingiza kwenye chama cha wanafunzi wa Kiafrika, na wanamuuliza habari za nyumbani, naye huwajibu kwa yale aliyosimuliwa na mama yake kuhusu Ilala. Alisema siku moja jikoni mwanafunzi mmoja wa kutoka Shenzhen aliunguza kikaango akatukana kwa Kikantoni, naye ilibaki kidogo tu acheke, akajikaza, kwa kuwa pale hakuna anayejua kwamba anakijua. Burhani alicheka sana kwa hilo la kikaango. Muzdalifa hakucheka. Alikuwa ameanza kuona kwamba mtoto akiongea na baba yake anashusha sauti, na kila baada ya maneno mawili anatazama mlango wa nyuma yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Ilham alipiga. Kule chuoni ilikuwa Ijumaa jioni. Burhani alikuwa amempikia tambi za nyama ya ng'ombe, si za kula, za kumwonyesha, na alikuwa amezivuta nyembamba kama alivyozipenda mtoto alipokuwa mdogo. Akashika simu kwa mkono mmoja na bakuli kwa mkono wa pili, Muzdalifa amesimama begani kwake. Alikuwa katikati ya kusema kwamba vitunguu vimepanda bei, mara nyuma ya Ilham mlango ukafunguka, akaingia msichana mwenye taulo kichwani, Natalia, anayekaa naye chumba kimoja. Akainama mbele ya kioo cha simu akiwa anatabasamu, akauliza kwa Kiingereza yule mwanamume ni nani.

"Ni mpishi wa mgahawa wa chini ya kwetu," alisema Ilham. "Ananijua tangu mdogo."

Jibu lilitoka palepale, laini, bila hata kupepesa macho. Lilikuwa limeshatumika.

Kiingereza cha Burhani ni cha kuhudumia meza, na hicho ndicho kilichotumika pale. Akainua bakuli karibu na kamera, akamwambia Natalia karibu sana, akifika Guangzhou aje ale, hapa chakula ni kitamu na halali. Natalia akafurahi, akapunga mkono. Burhani akampa mkewe simu, akaingia jikoni na bakuli lake.

Muzdalifa hakukumbuka baadaye alivyoagana na mwanawe. Alimfuata mumewe, akamkuta amempa mgongo, ameanza donge jingine la unga, mabega yanakwenda na kurudi. Alisimama mlangoni.

"Alisita," akasema Burhani bila kugeuka. "Umeona, Mama Ilham? Kabla hajamjibu, alisita kidogo."

"Nimeona," akasema Muzdalifa. "Alisita."